Wembe si Ule Ule

Watu hupenda kusema kwamba wembe ni ule ule, na maana yao ni kwamba yaliyompata wa kwanza yatampata na wa pili. Kwa washabiki wa mpira maneno hayo yafaa sana. Lakini kwa kijana anayejifunza kujinyoa ndevu mwenyewe si kweli hata kidogo, na asiyelijua jambo hilo hulijua kwa damu.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa mtaa wa Jericho, upande wa mashariki ya Nairobi. Kwa miezi michache amekuwa akijinyoa kwa wembe wa kukunja wa bei nafuu, wa namna ile ambayo vinyozi wa mtaani hutumia kumalizia kingo za nywele baada ya mashine ya umeme. Wembe huo hauna makali yake wenyewe. Hupachikwa nusu ya wembe mwembamba wa dukani, na makali yakiisha nusu hiyo hutupwa. Basi siku moja babu yake wa mashambani ampa wembe wake wa zamani, wa chuma kizima, wenye mpini wa pembe, uliofuliwa Sheffield katika Uingereza au Solingen katika Ujerumani, miji miwili iliyojulikana sana kwa kazi hiyo. Kijana afurahi, apaka povu, ajinyoa vile vile alivyozoea. Kabla hajamaliza shavu la pili ana mikato mitatu na shingo inamwaka moto. Hapo huulaumu wembe, na pengine humlaumu babu kimoyomoyo.

Wembe hauna kosa. Ule wa dukani una makali yenye urefu wa inchi moja na nusu hivi. Ule wa babu unakaribia inchi 3. Kwa hiyo wakati macho ya kijana yanatazama katikati ya wembe, ncha yake, ambayo hakuizoea, iko karibu na ndewe ya sikio ikifanya kazi yake pasipo kuangaliwa. Ikiwa ncha hiyo ni ya pembe kali, wala si ya mviringo, mkato wa kwanza hauchelewi. Tena wembe wa zamani ni mzito. Mkono uliozoea kitu chepesi huwa na desturi ya kukisukuma, ilhali wembe mzito hukata kwa uzito wake wenyewe na hautaki kusukumwa. Yampasa mwenye kuushika auongoze tu.

Kisha kuna namna ulivyolazwa. Mgongo wa wembe uinuke kidogo kutoka shavuni, kiasi cha unene wa mgongo huo mara mbili, yaani nyuzi 30 hivi. Ukilala mno, hung'oa nywele badala ya kuzikata. Ukisimama mno, hukwangua ngozi. Kwa kuwa mgongo wa wembe wa babu ni mnene kuliko wa ule mwepesi, mkono ukikaa kama jana makali hayakai kama jana. Mwanafunzi afanye mashavu peke yake kwa juma la kwanza, na sehemu zilizobaki azinyoe kwa wembe aliouzoea. Kidevu na koo vyaweza kungoja.

Ugumu huu si mpya. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe. Na Mmarekani King Camp Gillette alipopata hati ya wembe wake wa salama mwaka 1904, sehemu kubwa ya ustadi huo iliondolewa mkononi mwa mnyoaji na kuwekwa kiwandani. Mwenye kurudia wembe wa chuma kizima amejitwika tena mzigo ambao wengine waliutua zamani.

Sehemu ya mzigo huo ni makali. Kunyoa hupindisha ncha nyembamba sana za chuma, hata kama jicho halioni. Kwa hiyo kabla ya kila kunyoa wembe hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi uliovutwa vizuri, mara 20 au 30 kwenda na kurudi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Mwisho wa ukanda wembe hugeuzwa juu ya mgongo wake, wala si juu ya makali. Anayegeuza juu ya makali hukata ukanda na kuuharibu wembe kwa pigo moja.

Ukanda hunyoosha makali, haunoi. Kunoa ni jambo jingine, na hapo ndipo wembe nyingi za urithi hufia. Hebu tumwazie kijana wetu akimpelekea fundi mzee wembe wake.

“Mzee, nakuomba uninolee wembe huu. Hata karatasi haukati.”

“Uliunoa kwa jiwe gani, kijana?”

“Lile la panga, Mzee.”

“Basi hukuunoa. Umeuua.”

Fundi huyo asingekuwa amekosea. Panga hunolewa kwa kuinuliwa kidogo juu ya jiwe, na kila mtu ana kipimo chake. Wembe haunolewi hivyo. Hulazwa chapa juu ya jiwe laini, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, kwa maana aliyeufua alikwisha kupima unene wa mgongo na upana wa wembe ili mwinamo wa makali upatikane wenyewe. Anayeuinua huondoa kipimo hicho, na kukirudisha ni kazi ya saa nyingi kwa mawe ya daraja mbalimbali. Asiye na jiwe la namna hiyo ampe anayejua.

Lakini hata mkono uwe hodari na makali yawe safi, imebaki ngozi. Ndevu za Waafrika wengi hujikunja. Unywele uliokatwa karibu mno, ukaachwa na ncha kali, hukua kwa kupinda na kuichoma ngozi tena, au hujipinda ndani kabla haujatoka. Ndiyo asili ya vipele vile vya kidevuni na shingoni ambavyo huacha madoa meusi. Wengi hudhani ni uchafu wa wembe, wakazidisha spiriti, na vipele havipungui.

Hapa mwanafunzi hukutana na mashauri mawili yanayopingana. Wembe mrefu hutaka ngozi ivutwe kidogo, kusudi usijikwae. Ngozi ikivutwa mno, unywele ukikatwa hurudi chini ya ngozi, na hapo vipele huanza. Basi ivutwe kwa kiasi cha kuifanya tambarare tu. Ndevu zilainishwe kwanza kwa maji ya moto na povu kwa dakika chache, kisha zinyolewe kufuata zinakolalia, mara moja, bila kuzipinga. Shavu likibaki na mkwaruzo kidogo, liachwe hivyo. Mwenye kutaka shavu liteleze kama kioo ndiye atakayeonekana na vipele Jumapili. Na vikimzidi aache kunyoa kwa majuma kadhaa, amwone daktari. Huenda mashine ya umeme inayobakiza ndevu fupi ikamfaa kuliko wembe wowote.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema nyumbani. Wembe wa babu yumkini ulinyoa vichwa vya ukoo mzima, hasa baada ya matanga, na hakuna aliyeona vibaya. Siku hizi inajulikana kwamba virusi vya homa ya ini ya aina B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, katika damu isiyoonekana kwa macho. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na kinyozi mwangalifu humfungulia kila mteja wembe mpya. Wembe wa chuma kizima haubadilishwi makali, wala kuufuta kwa spiriti hakutoshi kuufanya uwe wa watu wote. Ni wa mtu mmoja.

Kwa hiyo ndugu mdogo akija kuuomba asubuhi ya harusi, akataliwe kwa upole, apewe ule mwepesi pamoja na wembe mpya ambao haujatolewa karatasini. Nao ule wa babu ukaushwe vizuri, upakwe tone la mafuta, na uwekwe mahali pakavu, hasa wakati wa masika, kwa kuwa kutu huanzia kwenye makali.