Likasi: Gitaa la kwanza kwa mtu mzima, tazama shingo kabla ya rangi

Mwaka 1952, mjini Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa kavu, lisilotumia umeme. Hadi leo gitaa la namna hiyo latosha kwa mtu mzima anayeanza, hata likiwa limetumika, mradi achague vizuri.

Baadhi ya wanaoanza huacha mapema wakidhani umri umewapita. Kumbe kosa ni la gitaa: nyuzi ziko juu mno, kuzibana kunaumiza.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie shingo kwa jicho moja, kama seremala na ubao wake. Ikiwa imepinda, aliache. Kwenye kile chuma kidogo cha 12 cha shingo, uzi usipite milimita 3 au 4 juu yake. Funguo za kukazia nyuzi zisilegee.

Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vipya. Lakini gitaa la nailoni lisifungwe nyuzi za chuma, maana mvuto wake unaweza kung'oa kibao kinachozishika.

Pesa zikibaki, zinunue nyuzi za akiba, si rangi ya kung'aa.