Tumkumbuke Joginder Singh, Fundi wa Safari

Mjini Busia, na Malaba wilayani Tororo, pale malori yapangapo mstari yakingoja kuvuka mpaka, hakosekani kijana aliyelala chini ya injini, spana mkononi. Aghalabu huambiwa kuwa ufundi wa magari ni kazi ya aliyeshindwa na masomo. Sisi twakataa, na shahidi wetu ni marehemu Joginder Singh.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika gereji ya baba yake. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na katika miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope yaliyovunja magari mengi. Mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakawashinda wote. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akiendesha Mitsubishi Colt Lancer.

Lakini hesabu tuistahiyo zaidi ni nyingine: kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Waendao kasi ni wengi. Afikaye ni yule asikiaye mlio wa chuma kabla hakijakatika.

Joginder alifariki London mwaka 2013. Gereji za mpakani hazijapungukiwa na vijana wenye masikio ya namna hiyo. Wazazi wasiwaonee haya, na wenye magari wawalipe ujira unaolingana na kazi yao.