Usalama wa Magari Madogo ya Paa la Kukunja: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulisimulia asili ya magari madogo ya kimichezo, yale ya viti viwili, bodi nyepesi na paa la kukunja, na sababu za wapenzi wake kuyapenda mapenzi ya kupita kiasi. Sasa yatupasa kulikabili swali ambalo kila mzazi humwuliza mwanawe anapotaka kununua gari la namna hiyo: je, likigongana, aliyemo atasalimika? Watu wengi, wakikabiliwa na swali hili, hutazama juu, wakaona turubai mahali pa bati, wakakata shauri papo hapo kwamba hatari yote imo katika paa lisilokuwapo. Rai hiyo haikosi msingi, na tutaifikia kwa zamu yake. Lakini imeanzia mahali pasipo pake, na ushahidi wa kwanza tutautoa katika ajali iliyo mashuhuri kuliko zote za magari haya.

Tarehe 30 Septemba 1955, jua likielekea kuchwa, James Dean, mwigizaji wa sinema wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa akiendesha Porsche 550 Spyder yake mpya karibu na Cholame, katika jimbo la California, akienda kwenye mashindano ya mbio huko Salinas, na kando yake ameketi fundi Mjerumani, Rolf Wütherich. Gari la Ford lililotoka upande wa pili likakata kushoto penye njia panda, na magari yakakumbana. Dean akafariki; Wütherich akarushwa nje, akavunjika mifupa, akanusurika; na dereva wa Ford akatoka na majeraha madogo tu. Porsche ile haikuwa na paa, ni kweli, lakini pigo lilikuja kwa mbele, upande wa dereva, na hakuna paa ambalo lingeliweza kulizuia.

Jambo lililowatenga waliomo katika magari yale mawili ni uzito. Porsche ilikuwa na uzito wa kilo 600 hivi, na Ford iliuzidi uzito huo maradufu. Na kanuni ya maumbile katika migongano haina huruma wala upendeleo. Tuchukulie gari la kilo 1000 na gari la kilo 2000 yanakutana uso kwa uso, kila moja likienda kilomita 50 kwa saa, na baada ya kugongana yakashikamana. Lililo zito litaendelea na njia yake, likilisukuma jepesi kinyumenyume kwa mwendo wa kilomita 17 hivi kwa saa. Maana yake ni kwamba waliomo katika gari zito mwendo wao umepungua kwa kilomita 33, ilhali waliomo katika gari jepesi wametolewa katika kilomita 50 za kwenda mbele wakatiwa katika kilomita 17 za kurudi nyuma, ambayo ni mabadiliko ya kilomita 67, na yote hayo yakapita kwa muda wa kupepesa jicho. Mwili wa binadamu haudhuriwi na mwendo wenyewe, hudhuriwa na kubadilika kwa mwendo kwa ghafla, na katika mgawanyo huu fungu la gari dogo ni mara mbili ya fungu la gari kubwa. Paa, liwe la bati au la turubai, halibadilishi hata tarakimu moja ya hesabu hii.

Kuna na suala la kimo. Gari la kimichezo hujengwa chini sana ili lishike barabara vyema, na pikapu hujengwa juu. Basi zinapokutana, chuma cha mbele cha pikapu huweza kupita juu ya mihimili iliyotengenezwa makusudi kulipokea pigo, kikafikia sehemu laini karibu na kioo na vifua vya watu. Mwaka 2003 watengenezaji wa magari walioko Marekani walikubaliana kwa hiari yao kuirekebisha mihimili ya mbele ya magari makubwa ili ilingane zaidi na ya magari madogo, na naliona tendo hilo kuwa miongoni mwa mema yasiyotajwa sana katika historia ya magari, kwa sababu aliyefaidika nalo hakuwa mnunuzi wa gari lile kubwa, bali jirani yake wa barabarani ambaye hamjui.

Wahandisi nao hawakukaa kitako. Mwaka 1951 Béla Barényi, mzaliwa wa Austria aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Mercedes-Benz, aliomba hataza ya fikra iliyokuja kugeuza ujenzi wa magari yote: kwamba chumba cha abiria kiwe kigumu kadiri iwezekanavyo, na sehemu za mbele na nyuma ziachwe zibonyee kwa mpango, zimeze nguvu za pigo kabla halijafika kwa mtu. Fikra hiyo ilitumika kwa ukamilifu katika gari lao la mwaka 1959, na mwaka 1963 ikaingia katika gari lao la kimichezo la SL. Ugumu wa kazi katika gari la wazi ni huu: paa la bati huifunga bodi yote pamoja, na likiondolewa, bodi hulegea mfano wa sanduku la karatasi lililovuliwa kifuniko, likawa linapindika huku na huku. Kwa hiyo ugumu uliopotea juu hutafutwa chini, katika mihimili inayopita chini ya milango, katika sakafu, na katika nguzo mbili za kioo cha mbele, ambazo hutiwa chuma chenye nguvu zaidi. Na ndiyo maana gari la wazi mara nyingi huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa, jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao.

Sasa tuifikie hatari ya kupinduka, ambayo ndiyo haki ya wenye hofu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 serikali ya Marekani iliweka sharti kwamba paa la gari listahimili mzigo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lenyewe, na magari ya paa la kukunja yakaachwa nje ya sharti hilo. Hata hivyo watengenezaji waliingiwa na khofu kwamba iko siku yatapigwa marufuku kabisa. Kampuni ya Triumph ilitoa TR7 yake mwaka 1975 ikiwa na paa la bati peke yake, na mwaka 1976 Cadillac iliiuza Eldorado ya wazi kama kwamba ndiyo ya mwisho kuundwa Marekani. Marufuku hayo hayakuja. Porsche ilikuwa imekwisha onyesha njia mwaka 1965 kwa gari la Targa, lenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti, na mwaka 1989 Mercedes-Benz ikatoa SL yenye upinde uliolala mafichoni, ambao gari likianza kupinduka huchomoza wenyewe kwa thuluthi moja ya sekunde hivi. Upinde ukisaidiana na nguzo za kioo hufanya nafasi ya kuishi gari linapolala kichwa chini. Kipimo chake mtu aweza kukifanya nyumbani: dereva aketi, ubao mrefu ulazwe kutoka juu ya kioo cha mbele hadi juu ya upinde, na kichwa chake kiwe chini ya ubao. Mtu mrefu ambaye kichwa chake chaugusa ubao asijidanganye.

Kwa mapigo ya ubavuni, ambako gari lenye paa huteremsha mfuko wa hewa kutoka darini, wahandisi waliupandisha kutoka chini: katika baadhi ya magari hutokea kwenye kiti, na katika Volvo C70 ya mwaka 2006 ulitokea kwenye mlango.

Je, matokeo yake ni nini? Mwaka 2021 taasisi ya usalama wa barabara inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani ilitangaza uchunguzi uliolinganisha magari ya wazi ya miaka ya karibuni na ndugu zao wenye paa. Kwa kila maili iliyosafiriwa, vifo vya madereva wa magari ya wazi vilikuwa pungufu kwa asilimia 11, tofauti ambayo kwa kanuni za takwimu haitoshi kuthibitisha kwamba gari la wazi ni salama zaidi, lakini yatosha kuidhoofisha dhana kwamba ni hatari zaidi. Lipo jambo moja katika uchunguzi huo ambalo halifai kupitwa: miongoni mwa madereva waliofariki, waliorushwa nje ya magari ya wazi walikuwa asilimia 21, na wa magari yenye paa asilimia 17. Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mkanda wa ncha tatu mwaka 1959, na hakuna gari ambalo mkanda huo ni wajibu zaidi kuliko gari ambalo juu yake pana mbingu.

Wala msomaji asiuchukue uchunguzi huo kuwa unamlinganisha mwenye Mazda MX-5, gari la takriban tani moja, na mwenye gari la tani mbili na nusu; hapo hesabu ya uzito iliyotangulia inabaki pale pale. MX-5 ya mwaka 2015 ilipimwa Ulaya na mpango wa Euro NCAP ikapewa nyota nne kati ya tano, na moja ya kasoro zake ni kwamba haikuwa na mtambo wa kujifungia breki pindi dereva anapoghafilika. Lakini kwa waenda kwa miguu ilipata alama za juu sana, kwa kuwa boneti yake huinuka yenyewe ikimgonga mtu, ili kichwa chake kisikutane na injini.

Anayelitamani la zamani, la kizazi cha kwanza kilichoanza mwaka 1989, na ajue kwamba halikutoka kiwandani na upinde nyuma ya viti, na kwamba fundi mwaminifu aweza kuufunga. Kabla ya hapo, gari na liinuliwe, mazulia yatolewe, na mihimili iliyo chini ya milango igongwegongwe kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa upande wa nyuma karibu na matairi, ambako maji hujikusanya na kutu ya gari hilo hupenda kuanzia. Kwani katika gari lisilo paa ugumu wote uko hapo, na mhimili ulioliwa na kutu, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani, utakunjika kwa pigo la kwanza. Habari za breki na matairi tutazieleza katika sehemu ya tatu.