"Uchungu", "Mkazo" na "Homoni": Istilahi Tatu za Uzazi

Bagamoyo, kama kwingineko katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, mja mzito anapokaribia kujifungua husemwa kuwa "ameshikwa na uchungu". Msemo huu ni fasaha, nasi hatukusudii kuuondoa. Tatizo huanza pale mfasiri anapolitumia neno "uchungu" kwa kila kujikaza kwa misuli ya mji wa mimba. Uchungu ni maumivu ayasikiayo mama. Kujikaza ni kazi ya msuli, na huweza kutokea bila maumivu, hata miezi kabla ya kujifungua.

Tuitazame kazi yenyewe. Wakati wa mimba, homoni iitwayo projesteroni, itokayo kwanza katika ovari na baadaye katika kondo la nyuma, huituliza misuli hiyo. Siku zinapotimia, nguvu hiyo ya kutuliza hupungua. Estrojeni huifanya misuli iwe nyepesi kuiitikia oksitosini, na prostaglandini huilainisha shingo ya kizazi. Mtoto anapoisukuma shingo hiyo, ubongo hupata habari, tezi ya pituitari hutoa oksitosini zaidi, na misuli huzidi kujikaza mpaka mtoto azaliwe.

Kwa hiyo twapendekeza "mkazo", wingi "mikazo", kwa kujikaza kwa misuli, na "uchungu" libaki kwa hali ya kujifungua. Wanaisimu hulitumia "mkazo" katika matamshi, lakini muktadha utatofautisha. Aidha, "homoni" lafaa kuliko "kichocheo", kwani projesteroni haiichochei misuli hii, bali huizuia.

Tofauti hizi zina uzito. Oksitosini hutolewa pia mara tu mtoto azaliwapo, kwa kawaida yuniti 10, ili mji wa mimba ujikaze, mishipa ya damu ibanwe, na mama asivuje damu nyingi. Sindano hiyo ikiandikwa "dawa ya uchungu", mama aliyekwisha kujifungua atauliza ni uchungu gani tena. Mwingine, akikumbuka kuwa dawa ya homa huondoa homa, atatazamia maumivu yaondoke. Akiikataa, maisha yake yamo hatarini. Iandikwe "dawa ya kukaza mji wa mimba", naye ataelewa anachopewa na sababu yake.

Wasomaji wa Kaole, Mlingotini na Saadani wanaojua neno jingine la wakunga wa kwao twawaomba watuletee, lipimwe pamoja na haya.