Mashindano ya Picha kwa Kamera za Zamani

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mchezo mmoja usio na kelele, nao ni mashindano ya kupiga picha kwa kamera za zamani, zile zitumiazo filamu. Twajua ya kuwa siku hizi karibu kila mtu anayo simu mfukoni iwezayo kupiga picha mia kabla ya chai kupoa, na huenda mtu akauliza: Ya nini basi kujisumbua na sanduku la siku za babu? Jibu letu ni hili. Mwenye picha mia hana haja ya kuchagua, lakini mwenye picha 8 hapana budi achague, na mkiwa watu kadha wenye picha 8 kila mmoja, mtaona upesi nani miongoni mwenu ana jicho na nani ana bahati tu.

Kamera ya namna tuitakayo si kitu cha kifalme. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera iitwayo Brownie, sanduku dogo la karatasi ngumu lenye kioo kimoja mbele na kilango kimoja cha kupitishia nuru, ikauzwa kwa dola 1 tu, hata watoto wakaweza kuwa nayo. Mwaka uliofuata ikatoka Brownie ya namba 2, na pamoja nayo filamu ya namba 120. Filamu hiyo ingali ikitengenezwa hata leo, kwa hiyo sanduku lililotoka kiwandani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza laweza kutiwa filamu iliyotoka kiwandani mwaka huu. Jihadharini lakini na kamera zilizofanyizwa kwa filamu ya namba 620. Upana wa filamu hiyo ni ule ule wa 120, ila kijiti chake cha kuzungushia ni chembamba zaidi, na Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1995. Mwenye kamera ya namna hii sharti aihamishe filamu ya 120 mpaka juu ya kijiti cha zamani, gizani kabisa, kwa kupapasa. Si kazi ngumu kwa aliyekwisha kuifanya mara mbili tatu. Kwa anayeianza usiku wa kuamkia mashindano ni balaa.

Sasa tuje kwenye shina la maneno, yaani usawa. Mashindano mengi ya kirafiki huvunjika kwa sababu kamera hazilingani. Mmoja huja na sanduku la Brownie. Mwingine huja na Leica, kamera ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, yenye kioo chema na filamu nyembamba ya picha 36. Kuwashindanisha hao wawili ni kama kushindanisha ngalawa na jahazi. Wengine huamua kugawa kamera katika mafungu, masanduku mbali na kamera za kurekebishwa mbali, na njia hiyo yafaa palipo na watu wengi. Lakini kundi la watu 8 au 10 likigawanywa, kila fungu hubaki na watu wanne au watano, nao wote hupata zawadi, na mashindano yamekwisha.

Sisi twapendelea kura. Kamera zote zitumiazo filamu ya 120 huwekwa juu ya meza, kila moja na namba yake, kisha kila mtu huokota kikaratasi na kuchukua kamera aliyopewa na bahati. Mwenye kamera nzuri huenda akapata sanduku la karatasi, na mwenye sanduku akaikuta kamera nzuri mkononi mwake, naye hajui hata inafunguliwa wapi. Hapo wote husaidiana, na huo ndio urafiki wenyewe. Ila kamera iliyoachwa na marehemu baba haipigiwi kura. Mwenyewe aiache nyumbani kwa heshima, alete nyingine.

Kanuni ya pili ni filamu moja kwa kila mtu, ya aina moja, nyeusi na nyeupe, iliyonunuliwa pamoja. Masanduku mengi ya 120 hutoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9. Kamera nyingine hutoa picha 12 za mraba katika filamu ile ile. Mwenye kamera hiyo atahesabiwa picha 8 za kwanza tu, hata kama ya tisa ndiyo bora. Filamu ikisha safishwa isikatwe vipande mpaka waamuzi wameiona nzima, kwa kuwa filamu nzima haisemi uwongo: picha zimo kwa mpango zilivyopigwa, za kushindwa pamoja na za kushinda. Tena negativu za ukubwa huu zaweza kuchapwa kwa kulazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, pasipo mashine ya kukuzia, na gharama hupungua sana.

Katika kununua filamu, msidanganyike na ile iliyo kali zaidi. Sanduku la zamani lina tundu moja dogo, na kilango chake hufunguka kwa muda upatao 1/50 ya sekunde, wala huwezi kulibadili. Kwa filamu ya ukali wa 125, juani, nuru iingiayo huzidi haja kama mara 3 au 4, na filamu nyeusi na nyeupe huvumilia jambo hilo bila manung'uniko. Kwa filamu ya ukali wa 400 nuru huzidi mara 12 hivi, na hapo uso wa mtu huanza kuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Filamu kali ni ya siku za mawingu na ya vivulini.

Wiki moja kabla ya mashindano, kamera zikaguliwe. Ingieni chumba cha giza, mtie kurunzi ndogo ndani ya kamera iliyo tupu, mfunge, kisha mtazame pande zote. Kama yaonekana madoa ya mwanga, hasa katika mikunjo ya kamera za kukunjuka, basi nuru yapita, na ipitapo kutoka itapita pia kuingia. Gundi nyeusi ya utepe huponya mengi. Kioo nacho kitazamwe dhidi ya dirisha. Katika miji yetu ya pwani unyevu huotesha ukungu mfano wa utando wa buibui, na kamera yenye ukungu mwingi isiingizwe katika kura. Na lile dirisha dogo jekundu la nyuma, lionyeshalo namba za picha, lifunikwe kwa utepe mweusi, lifunuliwe wakati wa kuzungusha tu, na kivulini. Liliwekwa zamani wakati filamu nyingi hazikuiona nuru nyekundu. Filamu za leo huiona.

Wakati wa kupiga picha, kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 alasiri ni bora kuliko adhuhuri, kwa kuwa jua la utosini hutia kivuli kizito machoni mwa watu. Tena sanduku haliwezi kuona vema kitu kilicho karibu. Simameni futi 8 au 10 mbali, mshike pumzi, mlitegemeze sanduku tumboni.

Neno moja juu ya wale wanaopigwa picha. Asiyetaka asipigwe, na aombwe kwanza, wala asiviziwe. Akikubali, ana haki ya kupata nakala yake, na sisi twaiweka haki hiyo katika kanuni: picha ya mtu haionyeshwi kwa waamuzi mpaka mwenyewe amekwisha kupewa yake. Kanuni hii imetupunguzia picha za haraka haraka za sokoni, wala hatujutii.

Tumefika kwenye kusafisha filamu, ambako ndiko kwenye hatari. Dawa ya kwanza huitoa picha. Kisha filamu husuuzwa. Dawa ya pili hushikiza picha na kuondoa fedha isiyopata nuru, kazi ambayo Sir John Herschel aliieleza mwaka 1839. Mwisho huoshwa kwa maji mengi. Joto la dawa ya kwanza aghalabu huhesabiwa kwa digrii 20, lakini maji ya bomba ya Mombasa au Dar es Salaam hupita hapo kwa mbali. Yaliyolala katika mtungi wa udongo hupoa kidogo. Ikiwa bado, tieni chupa ya dawa katika beseni lenye barafu, wala barafu isitiwe ndani ya dawa yenyewe. Kwa digrii 24 punguzeni muda upate kuwa kama sehemu 7 katika 10 za muda wa digrii 20.

Sisi wenyewe tuliwahi kuumia hapa. Tulikuwa watu 9, na kazi ya kusafisha tukampa mwenzetu mmoja peke yake, usiku, na chupa mbili zilizofanana. Katika mkebe wa filamu 3 akatia dawa ya pili kwanza. Filamu zikatoka nyeupe kama kioo cha dirisha, hazina hata kivuli. Katika moja ilikuwamo picha ya mzee mmoja, fundi wa mashua aliyekwisha kuacha kazi, aliyeketi mbele ya mlango wake kwa ajili yetu amevaa kanzu yake ya Idi, nasi tulikwisha kumwahidi nakala. Tulikwenda watatu kumwambia. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi, wanangu, ile kanzu imekwenda kufuliwa. Rudini Ijumaa." Ijumaa tukarudi, na kwa maoni yetu picha iliyopatikana ilikuwa bora kuliko zote za mashindano yale. Haikuhesabiwa, kwa kuwa filamu yake ilikuwa ya pili, na mwenye kuipiga alikubali kabla hatujamwambia. Nakala yake i ukutani kwa mzee.

Tangu siku ile husafisha watu wawili pamoja, filamu mbili mbili, na kila chupa huandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Tena kabla ya kumimina, kipande cha filamu kilichoharibika nuruni huchovywa katika chupa: katika dawa ya kwanza hugeuka cheusi, katika ya pili hutakata kikapenya nuru. Ni kazi ya dakika chache.

Waamuzi wawe watatu. Mmoja awe mtu wa kazi hii, kama yupo; katika miji mingi bado wamo wazee waliofanya kazi katika maduka ya picha, kama lile la Capital Art Studio lililofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930. Lakini wawili wengine wasijue lolote la kamera, kwa sababu mjuzi hutazama ukali wa kioo, na asiyejua hutazama picha. Majina yafichwe, namba tu iandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi. Kila mshindani achague picha moja katika zake 8, wala waamuzi wasimchagulie. Tumeona zaidi ya mara moja mtu akiacha nyumbani picha ambayo ingemshindia.

Zawadi isiwe fedha. Sisi hutoa filamu 2 za 120, na mshindi hupewa pamoja nazo ile kamera iliyokuwa mbovu kuliko zote katika kura, aitunze na kuitengeneza mpaka mashindano ya mwaka ujao. Kwa herini.