Mtoto Aliyemlilia Mbwa Wake

Mas'ala tunayoyaandika leo hayaonekani mara nyingi katika kurasa kama hizi, na hwenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona hapa si mahali pake. Twawaomba watuvumilie. Jambo lenyewe limetukia chuoni kwetu, na aliyekosea ni sisi.

Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, hakuja kusoma siku mbili. Siku ya tatu alikuja macho yamemvimba. Tulipomwuliza kisa chake akajibu kwamba mbwa wao wa shamba, aliyeitwa Sijali, amekufa. Wenziwe wakaangua kicheko. Nasi, badala ya kuwakanya wao, tukamkaripia yeye: mbwa ni najisi, na Mwislamu hamlilii najisi, akae kitako ashike juzuu yake. Mtoto akakaa, wala hakusoma hata herufi moja.

Jioni yake nyanya yake alikuja nyumbani, akaketi barazani, na baada ya kujuliana hali akasema: "Maalim, mimi sikujaliwa kusoma, basi nataka unijuze. Mbwa yule ametulindia muhogo wetu miaka kumi na mmoja, na mjukuu wangu huyu amezaliwa amemkuta. Baba yake amemfunga kamba mguuni akamburura mpaka jaani, mtoto anatazama, kwa kuwa watu wamemwambia dini ndivyo itakavyo. Ni kweli, Maalim, dini yataka hivyo?"

Hatukuwa na la kumjibu papo hapo. Tulimwomba muda wa usiku mmoja, tukarejea vitabuni, na asubuhi tukamwendea sheikh aliyetuzidi elimu.

Tuanze na unajisi, kwani ndio uliotuponza. Sisi wa pwani hii tuliokulia katika madhehebu ya Imamu Shafi (aliyefariki mwaka 204 Hijria, yaani 820 Miladia) twafundishwa kwamba mbwa ni najisi mwili mzima, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Msingi wake ni Hadithi sahihi, nasi hatuipunguzi hata chembe. Lakini hao hao mafakihi wetu wamesema kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Na Imamu Malik wa Madina, aliyemsomesha Imamu Shafi mwenyewe, aliona mbwa aliye hai ni tohara. Hatulitaji hili ili watu wahame madhehebu yao. Twataka ijulikane kwamba hukumu hii ni ya maji na udongo, na chuki haimo ndani yake. Damu itokayo kidoleni mwetu nayo ni najisi, na hakuna aliyewahi kukichukia kidole chake.

Iko pia Hadithi kwamba mwenye kufuga mbwa pasipo haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kadiri ya kirati, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Wengi wetu huishika Hadithi hii kwa mwanzo wake, wakauacha mwisho. Mwisho wake umewatoa mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo na wa kulindia shamba. Basi Sijali alikuwamo katika ruhusa. Alikuwa mfanyakazi, na kazi yake twaijua, kwani sisi nasi tuna konde upande ule, na nguruwe mwitu hawakututendea sisi huruma waliyolazimika kumtendea jirani yetu.

Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya wanyama tuliowafunza, na neno lenyewe la Kiarabu lililotumiwa hapo kwa wafunzaji latokana na jina la mbwa. Na Suratul Kahf, ambayo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa, yatueleza vijana walioikimbiza imani yao wakaingia pangoni, na mbwa wao amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu walipobishana juu ya idadi ya vijana wale, kila kundi lilimhesabu na mbwa. Majina ya vijana hayakutajwa katika Kurani, lakini mbwa wao ametajwa. Tumewasomesha watoto sura hii miaka mingi, nasi hatukuwahi kusimama hapo.

Na nani asiyeijua Hadithi ya msafiri aliyeshikwa na kiu njiani? Alishuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa ulimi nje, anakula udongo unyevu kwa kiu. Akasema moyoni kwamba huyu amefikwa na yale yaliyonifika mimi. Akarudi kisimani, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno ili mikono ipate kushika ukuta, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Masahaba wakauliza: je, hata kwa wanyama tuna ujira? Wakajibiwa kwamba katika kila chenye uhai mna ujira. Imo katika Bukhari na Muslim.

Lakini lililotuvunja zaidi ni khabari ya Abu Umair. Huyu alikuwa mtoto mdogo wa Madina, ndugu wa Sayyidna Anas kwa mama, naye alikuwa na kidege chake cha kuchezea. Kidege kikafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na mizigo yote ya Umma aliyokuwa nayo, alipomwona mtoto amehuzunika, alisema naye kwa upole na kumwuliza khabari za kidege chake, akimwita kwa lakabu yake kama aitwavyo mtu mzima. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Sisi tuliletewa Abu Umair wetu, tukamwambia akae kitako.

Kuhusu mzoga, hapana sanda, wala sala, wala khitima. Mambo hayo ni ya mwanadamu, na mwenye kumfanyia mnyama amepita mpaka. Lakini kufukia kwafaa na kwapendeza, kwani mzoga ulioachwa jaani huwaudhi majirani, na ukitupwa karibu na kisima huharibu maji. Shimo liwe refu, mbali na maji, mbwa wengine wasipate kulifukua. Mwenye kuushika atumie gunia au majani, kisha aoshe kama Sheria ilivyoeleza. Na mbwa aliye mgonjwa asiye na tamaa ya kupona asitupwe porini afe kwa njaa. Aitwe bwana mifugo. Mtume ametuamrisha wema hata katika kuua.

Hapo iko hadhari moja, nayo ni kubwa. Mbwa akibadilika tabia, akatoka mate mengi, akashindwa kumeza, au akauma ovyo, watoto wasimkaribie hata kwa kumwonea huruma. Hwenda ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishadhihirika kwa mtu karibu hauna dawa. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Sijali alikufa kwa uzee.

Tulimjibu bibi yule, kisha tukamwendea mwanawe. Hakukasirika, alikaa kimya, akasema naye hakupenda kufanya vile. Alasiri ile tulikwenda jaani pamoja na jembe na gunia, tukamchukua Sijali, tukamfukia mpakani mwa konde chini ya mwembe alipozoea kulala. Mtoto alisimama kando. Tulipomaliza tukamwomba radhi mbele ya baba yake, na siku ya pili mbele ya wenziwe. Akatazama chini akasema, "Haidhuru, Maalim." Sura ya siku ile aliisoma mpaka mwisho.

Nguruwe wamekwisha kujua kwamba konde halina mlinzi. Baba yake ametafuta mtoto wa mbwa, na bwana mifugo amesema akitimiza miezi mitatu apelekwe akachanjwe. Jina bado hawajampa.