Kuingia kwenye seva ya mbali: kwa nini unangoja sekunde 20 hata rezo ikiwa nzuri?

Mutu yuko Base ya Kamina. Anafungua kompyuta ili aingie kwa njia ya SSH kwenye seva iliyo Lubumbashi. Anaandika amri, anabonyeza, kisha skrini inanyamaza. Sekunde 5, 10, 20. Ndipo seva inamuomba neno la siri. Akiisha kuingia, kazi inaenda vizuri: kila herufi anayoandika inaonekana palepale. Kesho yake anangoja tena sekunde zilezile.

Wengi wanasema: "Ni rezo." Wanaongeza mega, wanalipa koneksyo ya bei kubwa, na mafuta ya jenereta yanaendelea kuungua. Lakini kama uzito uko pa mlango tu, na ndani hakuna uzito, rezo mara nyingi haina kosa.

Seva inauliza nini?

Fikiri mlinzi pa bariere ya kambi. Gari linafika, anasoma namba yake, kisha anapiga simu ofisini: "Namba hii ni ya nani?" Hakuna anayepokea. Anapiga tena, kimya. Mwishowe anafungua bariere, gari linapita. Barabara ilikuwa nzuri. Saa imepotelea kwenye simu.

Seva inaweza kufanya vilevile. Kwa kawaida DNS inageuza jina kuwa namba: unaandika jina la tovuti, inakupa anwani yake. Hapa seva inauliza kinyume: inashika namba ya kompyuta yako na kutafuta jina lake. DNS ikijibu haraka "simjui", hakuna shida. Kinachokula saa ni kimya.

Sekunde 20 zinatoka wapi?

Kwenye Linux, kama hakuna aliyebadilisha kitu, swali moja la DNS linangojewa sekunde 5, na kila seva ya DNS inaulizwa mara 2. Ukiwa na seva 2 za DNS zisizojibu, hesabu ni 5 × 2 × 2: sekunde 20.

Ni kweli, satelaiti nazo zinachelewesha. Zile za juu sana ziko kilometa karibu 36,000 kutoka duniani, na swali pamoja na jibu lake vinapita nusu ya sekunde. Lakini ucheleweshaji huo utauona kwenye kila herufi, si pa mlango peke yake.

Nani alipaswa kujibu?

Kama unapita kwenye intaneti, namba yako ni ya kampuni inayokupa koneksyo. AFRINIC, iliyo katika kisiwa cha Morisi, inagawa namba hizo Afrika, na kampuni iliyozipata ndiyo inayopaswa kuandika majina yake. Kama kompyuta na seva viko katika rezo moja ya ndani, kwa namba kama 192.168 au 10, hakuna mutu wa inje anayejua majina yenu. Ni ninyi wenyewe mtayaandika.

Pima kwanza

Ukiisha kuingia kwenye seva, andika `echo $SSH_CONNECTION`. Namba ya kwanza ndiyo anwani ambayo seva inakuona nayo. Kisha, kwenye seva ileile, andika `time getent hosts` na namba hiyo. Ikikawia sekunde 10 au 20, umepata mwizi. Ikimaliza mara moja, tafuta sababu kwingine.

Dawa

Dawa ya kwanza ni kutengeneza DNS yenyewe: angalia faili `/etc/resolv.conf` ya seva, na ondoa anwani za DNS zisizojibu. Kwa rezo ya ndani, andika namba na majina ya kompyuta zenu katika `/etc/hosts`.

Dawa ya pili ni kuiambia SSH isiulize: katika `/etc/ssh/sshd_config` weka `UseDNS no`, kisha washa upya huduma ya SSH. Tangu OpenSSH 6.8, ya mwaka wa 2015, ndivyo inavyokuja yenyewe. Lakini seva za zamani, na zile ambazo fundi alibadilisha, zingali zinauliza. Usalama haupungui sana, kwa sababu jina lisipopatikana seva inakuruhusu kuendelea vilevile. Ila kama mliruhusu watu kwa majina ya kompyuta zao, andikeni namba kwanza; la sivyo watabaki inje.

Jambo moja la kushika: usifunge dirisha uliloingia nalo mpaka ujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Ukikosea na kujifungia inje, seva iko Lubumbashi na wewe uko Kamina, na treni ya kati ya miji hiyo si safari ya asubuhi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa koneksyo kubwa zaidi, fanya kipimo kile. Hakiombi hata franka moja.